Ndoo ya Nyumba ya Mwisho

Ofisi ya Hifadhi ya Maneno, Mjini
Tarehe 4, mwezi wa tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Ukiisoma barua hii simama wima, maana anayekuandikia si yule kaka uliyemzoea. Tangu juzi mimi ni Karani Daraja la Pili. Nimepewa meza yenye droo inayofungwa kwa ufunguo, na kiti chenye mikono. Wewe hujawahi kukalia kiti chenye mikono. Unaweka viwiko hivi, unamtazama mtu aliyesimama mbele yako, na hata kama huna la kumwambia anaanza mwenyewe kuomba radhi.

Najua mama atauliza hiyo kazi ni kazi gani, kwa hiyo msomee polepole. Kila fundi katika nchi hii ana neno lake la kazi. Mhunzi ana neno la kulainisha chuma, mkunga ana neno la kumtoa mtoto mkaidi, mwashi ana neno la kuushawishi ukuta usimame, na mama ana neno la kuita maji kisimani. Maneno yote hayo yalikuwa yanazagaa hovyo midomoni mwa watu, bila orodha wala faharasa. Serikali imeona huruma. Sisi tunayaandika katika Daftari Kuu, Bwana Muhuri, mkuu wetu, anagonga muhuri, na tangu hapo neno linakaa salama serikalini. (Jina lake halisi halitamkiki. Bwana Muhuri ni letu sisi makarani, yeye hana habari.)

Ni kweli kwamba wenye maneno hulalamika kidogo. Fundi akishaandikwa, akilitamka neno lake hutoka kikohozi tu. Lakini hayo ni mambo madogo, na dawa ya kikohozi ipo hospitalini.

Cheo chenyewe sikukipata kwa shida. Nilijaza fomu moja tu.

Msalimie mama. Mwambie nakula vizuri na nimenunua kofia.

Kaka yako,
Karani Daraja la Pili

*

Nyumbani
Tarehe 13, mwezi wa tatu

Kaka,

Hongera ya kiti. Sisi huku wazima, ila kisima.

Jumanne asubuhi mama alifika kisimani kama kawaida, akavua viatu, akainama ukingoni, akaita. Akakohoa. Tukadhani ni vumbi. Akaita tena, akakohoa tena, na foleni nzima ikampa pole ya kifua. Mara ya tatu hakumaliza. Alikaa chini pale pale na miguu yake mitupu, akaangalia mikono.

Yale maji yaliyokuwa yakipanda mpaka ukayachota kwa kamba ya dhiraa tatu, sasa ukitupa jiwe unaweza kwenda kumenya kitunguu ukarudi ndipo usikie chubwi. Tumeunganisha kamba nne na mkanda wa seremala. Kamba inafika, seremala anatembea ameshika suruali. Kila siku maji yanashuka zaidi. Mtaa mzima unakunywa hapa, kaka, na kikikauka hiki hakuna kingine, tutafunga mizigo tuhame.

Mama anafikiri ni uzee. Juzi nilimkuta peke yake, anakiomba kisima msamaha. Nilirudi nyuma asinione, nikalia nyuma ya banda.

Mimi si karani, lakini mbili na mbili naweza kuzijumlisha. Umesema fundi akishaandikwa hutoa kikohozi. Umesema ulijaza fomu. Hiyo fomu iliuliza nini?

Bibi wa Nyumba ya Mwisho anakusalimu, anasema hajaisahau ndoo yake. Nikamwambia, bibi, hiyo ni miaka kumi na minane sasa, na kaka alisema aliileta. Akanijibu kilichozeeka kwake ni magoti, si kichwa.

Mdogo wako

*

Ofisi ya Hifadhi ya Maneno
Tarehe 21, mwezi wa tatu

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, na hasira zake zimefika pia.

Kuhusu kisima: nimewauliza wataalamu. Wanasema visima hushuka kwa sababu mbalimbali. Kuna jua. Kuna mizizi. Kuna uchakavu wa jumla. Nashauri mtafute kamba ya tano.

Kuhusu fomu: ilikuwa na maswali mengi. Urefu wangu, uzito wangu, kama nimewahi kuugua ndui. Swali la kumi na moja lilikuwa swali kama maswali mengine.

Habari njema ni kwamba Jumamosi ijayo Bwana Muhuri anazindua chemchemi bustanini kwake. Maji yataruka hadi dirisha la ghorofani bila pampu wala bomba. Neno atalitamka yeye mwenyewe, analikariri kila asubuhi mbele ya kioo huku ananyoa ndevu, na amekwisha kujikata mara mbili. Mimi nimealikwa nisimame karibu na kichaka.

Haya basi. Swali la kumi na moja lilisema: "Mwombaji ataje neno moja la kazi la ukoo wake." Niliandika lile la kuita maji, kama mama alivyonifundisha siku ile ya kwanza. Sikuwa na jingine. Na nilidhani kwangu watanakili tu. Wanaochukuliwa maneno yao ni watu wa nje, mimi ni mtu wa ofisini.

Usimwambie mama.

Kaka yako,
Karani Daraja la Pili

*

Nyumbani
Tarehe 28, mwezi wa tatu

Kaka,

Nimemwambia mama.

Nilisubiri amalize kuosha sufuria tatu kwa kikombe kimoja cha maji, nikamsomea yote, mpaka kichaka. Akasema, "Mpumbavu." Akasema tena, "Mpumbavu," kama mtu anayepekua kabati akitafuta tusi kubwa zaidi na halioni. Halafu akaniuliza:

"Kawapa la kuita peke yake?"

Nikatazama tena. "La kuita peke yake."

"Kusindikiza hakuwapa?"

"Mama, humu hamna kusindikiza."

Alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Akatoka hivyo hivyo kichwa wazi, akaanzia kwa seremala, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mwanawe kaiuzia Serikali mbuzi kwenye gunia. Mtaa wote sasa unakuita Mjanja. Watu wanashuka na kamba zao kisimani kwa moyo mkunjufu kabisa, wanasema wavumilie, Mjanja ana mpango. Seremala amesema suruali yake ndiyo mchango wake.

Mimi sijacheka. Mimi siku ile nilikuwepo. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya ukuta. Uliita, maji yakaja, mama akafurahi, akakupa ndoo ya kwanza uipeleke Nyumba ya Mwisho. Ukaondoka nayo kwa mbwembwe, ukapotelea nyuma ya karakana ya seremala, ukarudi mapema mno. Kesho yake ukaanza shule.

Kaka, unajua kusindikiza ni nini? Nijibu mimi, si mama.

Mdogo wako

*

Ofisi ya Hifadhi ya Maneno
Tarehe 6, mwezi wa nne

Mdogo wangu,

Kusindikiza ni nini? Niandikie upesi. Mwambie tarishi akimbie.

Uzinduzi ulianza vizuri. Bwana Muhuri alitamka neno, maji yakatoka ardhini, yakapanda mpaka dirishani, wageni wakapiga makofi, nami pale kichakani nilipiga kuliko wote. Kisha Bwana Muhuri akainua kofia akasema, "Inatosha." Maji yakashuka. Lakini hayakurudi ardhini, yalikusanyika miguuni pake.

Akasogea hatua tatu. Yakasogea hatua tatu. Wageni wakacheka, naye akacheka. Akaingia ndani, yakaingia. Akapanda ngazi, yakapanda nyuma yake ngazi moja moja, taratibu, yakimngojea anapopumua. Mezani yalikaa chini ya kiti chake. Wageni wakaacha kucheka wakaanza kutafuta kofia zao.

Sasa kila akitaka kuyafukuza anatamka neno, maana hana jingine, na akilitamka yanakuja mengine. Ofisini yanafika magotini. Makarani tumekaa tumepandisha miguu mezani, na adabu imekwisha kabisa. Kiti changu chenye mikono kilielea Jumatatu mpaka idara ya ramani, wakakikamata, na mpaka leo hawajakirudisha.

Bwana Muhuri anasema nimemletea neno pungufu kwa makusudi. Anataka sehemu ya pili. Ameapa kuwa isipopatikana nitafungwa, na kisima chetu kitawekewa kifuniko cha chuma chenye kufuli la Serikali. Nimekula kiapo kwamba sikukusudia, na ndicho kinachonitia uchungu, kwamba kwa mara ya kwanza katika ofisi hii nimesema kweli tupu na hakuna anayeniamini.

Mwambie mama ahsante kwa sifa.

Kaka yako,
Karani Daraja la Tatu (kwa muda)

*

OFISI YA HIFADHI YA MANENO
Tarehe 9, mwezi wa nne

Kwa Mwita Maji

YAH: UPUNGUFU KATIKA NENO

Neno lililoandikishwa na mwanao limekaguliwa na kuonekana halina mwisho. Maji yakiitwa yanakuja. Yakiambiwa yaondoke hayaondoki. Jambo hili linaathiri kazi za Serikali na pia usingizi.

Unaagizwa kuwasilisha sehemu ya pili ya neno, kwa mwandiko unaosomeka, nakala tatu, katika siku kumi na nne. Usipofanya hivyo, kisima kitafungwa na mwanao naye atafungwa.

Tafadhali karatasi ziwe kavu.

Mkuu wa Ofisi
(Muhuri)

*

Nyumbani
Tarehe 17, mwezi wa nne

Kwa Mkuu wa Ofisi,

Ninayeandika ni binti. Mama anasema, mimi naandika, na anapogonga meza ninaweka nukta.

Bwana, hatukufichi. Sehemu ya pili haiandikiki kwa sababu si neno. Maji ni mgeni. Ukimwita mgeni akaja, hukumwita akutazame. Anayeita maji huchukua ndoo ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, huipeleka kwenye nyumba ya mtu ambaye hakuja kisimani, nyumba iliyo mbali kuliko zote, na humkabidhi mwenyewe mlangoni. Huko ndiko kuyasindikiza. Yakishaona yamefika kwa mtu yanatulia, yanarudi chini kungoja kuitwa tena. Kwetu ni Nyumba ya Mwisho, kwa bibi mmoja mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Bibi yangu alimpelekea mama yake, mama yangu alimpelekea yeye, nami nampelekea.

Ni hilo tu. Hata mtoto anaweza.

Nakala tatu mimi binti sikuandika, maana hata mikono yangu ni miwili.

Mama anauliza pia kwa nini kila ukiita maji kwako, yanashuka kwetu. Anasema hili si swali la kujibiwa kwa muhuri.

Mwita Maji
(kidole gumba chake hiki hapa)

*

Ofisi ya Hifadhi ya Maneno
Tarehe 25, mwezi wa nne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii naomba mdogo wangu akusomee mkiwa peke yenu.

Barua yako ilisomwa mbele ya kamati. Wajumbe walikuwa wamesimama juu ya viti. Bwana Muhuri alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nyumba ya nani?" Mjumbe mmoja akasema, ya mtu yeyote. Akauliza, "Mimi mwenyewe nibebe?" Basi akamwagiza mtunza bustani abebe kwa niaba yake. Mtunza bustani alikwenda na ndoo na kurudi, maji hayakumtazama hata kidogo. Kamati ikaamua lazima abebe mwenyewe. Alibeba, mama. Alitoka na ndoo kwa mlango wa mbele wa nyumba yake, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba yake, akaiweka katika chumba chake cha wageni. Maji yalimzunguka yakamtazama. Ukiniuliza maji yanamtazamaje mtu siwezi kueleza, lakini sote tuliona, na tuliona aibu.

Sasa anasema barua yako ni ya kumdhihaki. Anaamini sehemu ya pili ipo, ila mimi niliiruka nilipokuwa nanakili. Ameandika amri kwa mkono wake kwamba Alhamisi ya wiki ijayo saa nane mchana nimfungulie ghala la Daftari Kuu aingie akakague mwenyewe.

Ghala lina mlango mmoja, na kizingiti chake kimezibwa kwa nta. Kanuni ya kwanza ukutani inasema kitu chochote cha majimaji kisiingie, maana wino tunaoletewa ni wa hovyo, jasho la kidole tu linaufuta. Kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili yetu makarani, yeye hajawahi kuisoma. Ufunguo ninao mimi. Nikimkumbusha, atabaki nje na maji yake. Nikinyamaza, ataingia, nayo yataingia nyuma yake.

Mle ndani mna neno la mhunzi, la mkunga, la mwashi, na ya watu mia nne wengine, mengi kwa mwandiko wangu mzuri. Lako liko ukurasa wa mia nne na tisa.

Naogopa, mama. Na kabla sijafanya lolote nataka ujue mtu unayemsifu ni nani. Mimi si mjanja. Sikuwauzia mbuzi kwenye gunia. Niliwapa vyote nilivyokuwa navyo. Siku ile ndoo ya bibi ilikuwa nzito, na nilitaka nikaone sare yangu mpya ya shule, nikaimwaga nyuma ya karakana ya seremala, nikasema nimefikisha. Nilidhani ni kutumwa tu, kama mtoto anavyotumwa chumvi. Sikujua kuwa ndiyo kazi yenyewe. Miaka yote hii bibi anasema kweli, na sisi tunasema kichwa chake kimechoka.

Kama ukinikana sitakulaumu.

Mwanao

*

Nyumbani
Tarehe 30, mwezi wa nne
(tarishi ameahidi kufika kabla ya Alhamisi, tumempa viatu vya seremala)

Mwanangu,

Nilijua.

Unadhani maji yanamwagwa nyuma ya karakana mimi nisijue? Palichipua majani pale mpaka msimu uliofuata. Nilingoja uje mwenyewe uniambie. Ukaenda shule, nikasema atakuja akirudi. Ukaenda mjini, nikasema atakuja akiwa mtu mzima. Niliposikia umewapa la kuita peke yake, nikacheka, maana uvivu wako wa utotoni ndio uliotuokoa, na Mungu ana namna zake. Nikakuita mjanja mtaani ili mtu mmoja walau akuamini, upate aibu ya kuwa mwongo kwa watu wanaokupenda. Naona umeipata. Sasa tuliza moyo.

Sikukani. Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, na mkunga alikutoa kwa neno lake, hilo hilo mlilomfungia kwenye daftari.

Mlango mfungulie. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Neno likirudi kwetu utalisikia mdomoni. Ita, kisha tafuta ndoo. Pa kuipeleka unapajua.

Mama yako

(Kaka, ni mimi. Kisima sasa kimebaki tope. Mama hajakwambia kwa sababu hataki uharakishe mkono ukatetemeka. Mimi nakwambia. Harakisha.)

*

OFISI YA HIFADHI YA MANENO
(kwa sasa: jengo la stoo ya majembe)
Tarehe 11, mwezi wa tano

Kwa Binti wa Mwita Maji

YAH: NDOO MOJA YA BATI, MALI YA SERIKALI

Mimi mwenye sahihi hapa chini natoa taarifa ifuatayo.

Siku ya Alhamisi saa nane mchana karani aliyekuwa na ufunguo alinifungulia ghala kwa kufuata amri yangu ya maandishi. Aliinama na kusema, "Karibuni." Nilidhani wingi ule ulikuwa wa heshima. Niliingia. Maji yaliingia.

Wino uliondoka katika kurasa mia nne na kumi na tatu. Ulipanda juu ya maji kama wingu jeusi, ukatoka kwa dirisha. Wakati huo huo mhunzi wa barabara ya nyuma, ambaye alikuwa hajafanya kazi mwaka mzima, alianza kugonga. Ukuta wa uwanja wetu uliokuwa umekataa kukamilika ulisimama wenyewe, huku waashi wakiwa wanakula. Watu barabarani walikuwa wanasema maneno kwa sauti kubwa, wengine wanacheka, wengine wanalia. Sikuelewa hata moja. Daftari ndilo lililokuwa likinielewesha.

Karani hakukimbia. Aliweka ufunguo mezani, akavua kofia, akavua viatu. Akainama, akasema lile neno. Mimi nimelisema mara nyingi, na kwa matamshi bora. Lakini maji yaligeuka yote kwa pamoja kama darasa linapoingia mwalimu. Kisha akachukua ndoo ya bati iliyokuwa ikikinga uvujaji wa idara ya ramani, akaijaza, akatoka kwa lango kuu. Maji yote yalimfuata barabarani kwa mstari mmoja. Askari wa lango walipiga saluti. Nimewahoji, wanasema mikono yao ilipanda yenyewe.

Namtaka huyo karani ajieleze kwa maandishi. Naitaka pia ndoo.

Jambo la mwisho si la kiofisi. Asubuhi ya siku ile, kabla ya saa nane, nilikuwa nimeita maji kidogo kwa majaribio. Hayo hayakuondoka na karani. Ni kiasi cha kujaza sahani moja. Yananifuata. Sasa hivi yako pembeni ya kiatu changu cha kushoto. Naomba maelekezo.

Mkuu wa Ofisi
(muhuri haupatikani, umepata kutu)

*

Nyumbani
Tarehe 20, mwezi wa tano

Kwa Mkuu wa Ofisi,

Mtu unayemtafuta hawezi kukuandikia. Mikono yake ina kazi.

Ndoo haiwezi kurudi kwa sasa, inatumika. Ukiihitaji sana njoo uichukue mwenyewe. Hapa mtu hafukuzwi.

Kuhusu maji yako ya sahani, maelekezo tulikwisha kukuandikia tarehe 17 ya mwezi uliopita, na mama anasema hana nakala nyingine. Ila kwa kuwa umeuliza vizuri, nakuongezea moja. Anayekufulia nguo anakaa nyuma ya uzio wako, hatua arobaini, kaka amenihesabia. Ukifika usigonge kwa fimbo. Sema "hodi". Neno hilo halijawahi kuandikwa kwenye daftari lako, kwa hiyo hata wewe litakufanyia kazi. Ukiulizwa "nani?", sema jina, usiseme cheo.

Umetaka maelezo ya karani. Nitakupa niliyoyaona mimi.

Alifika Jumamosi adhuhuri, miguu mitupu, amechomwa na jua. Siku mbili njiani, na ndoo hakuiweka chini, alikuwa anaihamisha mkono mmoja kwenda mwingine. Nyuma yake maji yamejaa barabara nzima kimya kimya, mpaka kuku walipanda mapaa. Alipita mbele ya nyumba yetu. Mama alikuwa mlangoni. Hawakusalimiana. Mama alisogea tu kidogo apite, akafuta uso kwa upindo wa kanga, na sijawahi kumwona mama yangu analia hadharani kabla ya siku hiyo. Alipita karakana. Seremala alisimama, akashika suruali kwa mkono mmoja, akampigia saluti kwa wa pili. Mtaa mzima tulimfuata nyuma ya maji, hakuna aliyecheka.

Kule Nyumba ya Mwisho alipiga hodi. Bibi alichelewa kwa ajili ya magoti. Alifungua, akamtazama kaka, akatazama ndoo, akatazama mto mzima uliosimama uani kwake unangoja.

"Shikamoo bibi," kaka akasema. "Nimeleta ndoo yako. Nilichelewa."

Bibi akachota kwa kiganja, akaonja, akatafakari kama mtu anayepima chumvi. Nyuma yetu tukasikia maji yanaanza kuondoka, yanashuka barabarani kuelekea kisimani, na baada ya muda kisima kikajaa, tukasikia watu wa kule wanapiga vigelegele. Kaka hakugeuka. Alikuwa bado ameishika ile ndoo, anangoja aambiwe amesamehewa.

"Haya," bibi akasema. "Hii ni ya siku ile. Ya leo iko wapi?"

Ndiyo maana barua hii nimeiandika mimi. Yeye yuko kisimani.

Binti wa Mwita Maji